Namna ya Kuwa Mkenya Ilhali Tayari Wewe ni Mkenya

Mwanangu, umetimiza miaka 18 na sasa unataka kitambulisho. Mwenzako wa Nyeri mliyezaliwa wiki moja ataingia ofisi ya usajili na cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wake na barua ya chifu. Atapakwa wino vidoleni, atapigwa picha, atapewa karatasi ya kusubiri, na kabla ya adhuhuri atakuwa nyumbani anakula. Wewe unaitwa Abdulrahman, au Zainabu. Au baba yako ni Mnubi wa Kibera, Mmakonde wa Kwale, Msomali wa Garissa, Mpemba wa Kilifi, Mwarabu wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwako kazi ile ile ina hatua zaidi, na nyingi hazijaandikwa kwenye orodha ya mahitaji iliyobandikwa ukutani. Ndiyo maana nakuandikia.

Mtafute babu kwanza

Utasema babu alifariki hata hujazaliwa. Mtafute hivyo hivyo. Utaulizwa alizaliwa wapi, nani alimzaa, alikuja lini kama alikuja, na karatasi zake ziko wapi. Ombi ni lako, umri ni wako, vidole ni vyako, lakini atakayehojiwa ni marehemu.

Kwa hiyo anza kupekua sanduku la bibi miezi mingi kabla. Unatafuta kipande cha babu, yaani kitambulisho chake cha enzi ya ukoloni, stakabadhi za kodi ya kichwa, barua ya kuachishwa kazi bandarini au relini, cheti cha ndoa cha Kadhi, kadi ya kliniki, hati ya shamba au ya kiwanja, rejista ya shule aliyosoma baba yako. Kama babu alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), karatasi yake ya kutoka jeshini ina thamani kuliko dhahabu ya bibi. Piga nakala kila kitu, mara tatu. Nakala moja ibaki nyumbani kwenu, nyingine kwa shangazi, ya tatu ndiyo ya kutembea nayo. Karatasi halisi usimwachie mtu yeyote dirishani, hata akikuita mwanangu kwa sauti ya upole. Mwonyeshe, ailinganishe na nakala, urudi nayo mfukoni.

Bibi yako akikosa karatasi ya ujanani mwake, usimlaumu, na usikubali alaumiwe. Sheria ya kusajili watu iliwahusu wanaume peke yao hadi ilipobadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Bibi aliishi, akaolewa, akazaa watoto wanane, akalima na kuuza, na Serikali haikuona haja ya kumwandika. Leo Serikali ile ile inamdai mjukuu wake ushahidi ambao yenyewe ilikataa kuutoa. Hilo mwambie afisa kwa adabu, ukiwa na mwaka kichwani.

Na kuna jambo jingine la kumkumbusha mtu yeyote atakayekuambia kwamba hizi karatasi ni fadhila. Kipande kilianzishwa kwa sheria ya 1915, kikatekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alitakiwa atembee nacho ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, kama kengele ya mbuzi, ili tajiri wa shamba ajue mfanyakazi wake ametoka wapi na analipwa kiasi gani. Mwanaharakati Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 kwa kupinga mambo hayo na mengineyo, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Wazee wetu walikichukia kipande kwa sababu kiliwazuia kwenda. Sisi tunakisaka kwa sababu kukikosa kunatuzuia kwenda. Ofisi ni ile ile iliyorithiwa, na mazoea yake ya kumtilia shaka mtu kwanza yamerithiwa pamoja na meza.

Kwa nini babu, lakini?

Vijana wengi huulizwa swali hili bila kuelezwa linatoka wapi, nao hudhani ni ukorofi wa karani tu. Karani mkorofi yupo, lakini swali lina asili yake kwenye Katiba ya uhuru. Ilipofika tarehe 12 Desemba 1963, uraia wa moja kwa moja ulikwenda kwa mtu aliyezaliwa Kenya, akiwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, mradi mmoja wa wazazi wake naye awe amezaliwa Kenya. Waliobaki nje ya mstari huo walipewa miaka miwili kuomba kuandikishwa.

Sasa fikiria waliokuwa nje ya mstari. Mmakonde aliyeletwa kutoka Msumbiji kukata katani Kwale. Mvuvi aliyevuka kutoka Pemba kufuata samaki, akaoa Kilifi. Mshona aliyekuja kutoka Zimbabwe kuhubiri na kanisa la Gospel of God, akatulia pembeni mwa Nairobi akitengeneza makarai na masanduku ya bati. Hao wote walitakiwa wajue kwamba kuna dirisha limefunguliwa na litafungwa mwishoni mwa 1965. Nani aliwaendea shambani na tangazo? Dirisha likafungwa. Watoto wao wakazaliwa hapa, wakazaa hapa, na kila kizazi kikarithi tarehe iliyopita. Mwaka 1985 Bunge likakaza zaidi: kuzaliwa Kenya peke yake hakukutosha tena, lazima mzazi mmoja awe raia, na badiliko hilo likarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru.

Kwetu pwani kuna fundo la ziada. Ukanda wa maili 10 ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya kuanzia siku ya uhuru. Kwa hiyo karatasi ya babu wa Mombasa, Malindi au Lamu inaweza kuwa na jina la Sultani au la Zanzibar juu yake, na karani aliyezaliwa mwaka 1998 akiiona atashtuka, akuambie, «Kumbe nyinyi ni wa Zanzibar.» Usikasirike. Mjibu: «Hapana, bwana. Babu hakuhama. Alilala Mombasa tarehe 11 Desemba akaamka Mombasa tarehe 12. Mpaka ndio uliosogea.» Kisha mwonyeshe jina la mtaa kwenye karatasi hiyo hiyo.

Mlangoni

Ofisi nyingi za Serikali zina mlinzi getini, na mlinzi ana daftari, na daftari lina safu ya namba ya kitambulisho. Utamwambia umekuja kutafuta kitambulisho. Atakuambia umwachie kitambulisho ndipo uingie. Nalieleza hili bila chumvi, na limewarudisha nyumbani watoto waliotoka alfajiri kijijini. Basi usiende peke yako. Nenda na mzazi, mjomba, jirani, yeyote aliye na chake, aandike jina lake na wewe uingie kwa kivuli chake. Chukua kadi ya shule na cheti cha mtihani. Mlinzi msalimie vizuri, muulize habari za kazi na za nyumbani. Analipwa kidogo na hakuandika yeye sheria hiyo.

Fika mapema na usivae kana kwamba unakwenda harusini. Lakini kama unavaa hijabu au kanzu siku zote, vaa. Wapo watakaokushauri uvue kofia ili usionekane wa huko. Usianze maisha yako ya utu uzima kwa kujificha mbele ya karani.

Siku ya wazee

Hii ndiyo sehemu nzito, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa miaka mingi watoto wa jamii hizi hawakupewa kitambulisho kabla ya kupita mbele ya kamati ya mchujo: chifu au naibu wake, wazee wa mtaa, maafisa wa usajili na watu wa usalama. Kamati ilikaa siku ilizotaka. Iliyokaa mara moja kwa miezi kadhaa ilitosha kumkosesha kijana nafasi ya chuo. Msingi wake ulikuwa ile sheria ya usajili inayomruhusu afisa kudai ushahidi zaidi asiporidhika, na kwa mwenye jina fulani afisa hakuridhika kamwe. Wasomali wa Kenya walionjeshwa lililo baya zaidi: mwishoni mwa 1989 Serikali iliamuru wachujwe jamii nzima, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kutembea nayo pamoja na kitambulisho. Raia mwenye kadi mbili za kuthibitisha uraia mmoja.

Tarehe 5 Februari 2025, Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kufuta mchujo huo wa ziada. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Lichapishe tamko hilo, litie kwenye faili yako, na ukiambiwa kuhusu kamati uliza kwa upole inakaa kwa mamlaka gani. Lakini jitayarishe kwa maswali vilevile. Mazoea ya miaka zaidi ya 30 hayaondoki ofisini kwa saini moja, na afisa aliyefundishwa kukushuku anaweza kuendelea kukushuku bila kamati.

Utaulizwa kijiji cha baba yako kilikuwa na mzee gani wa mtaa. Babu alizikwa wapi. Kabila lenu lina koo ngapi. Utaambiwa useme lugha ya mama. Kijana wa Mji wa Kale ataongea Kiswahili, na anaweza kuambiwa kwamba hicho ni cha kila mtu, aseme cha kwao. Kiswahili ndicho cha kwao. Ongea Kimvita safi, kile cha nyanya yako, ongea bila haraka, mpaka wao wenyewe wahitaji mkalimani.

Sema kweli, na sema kwa ufupi. Usilolijua sema hulijui. Kijana akibahatisha jina la ukoo ili kuridhisha meza, kosa hilo linaandikwa, na miaka mitano baadaye linasomwa kwake kana kwamba alikamatwa akidanganya. Nenda na mzee anayekujua tangu ukibebwa mgongoni, si mzee mashuhuri asiyekujua. Baada ya mahojiano, kabla hujafika kituo cha matatu, andika tarehe, ofisi, majina ya waliokuhoji na walichokuuliza. Watu wa jamii hizi hushindwa kesi kwa sababu hawana kumbukumbu, na ofisi inazo.

Wapo Wakenya wema watakaokuambia kwamba maswali haya ni ya lazima, kwa sababu ya Al-Shabaab, kwa sababu ya mashambulizi ya Westgate na ya Chuo Kikuu cha Garissa. Maumivu hayo ni yetu sote. Katika waliouawa na katika familia zinazolia, wapo wa dini mbalimbali. Lakini tazama mchujo ulimnasa nani. Mtu mwenye fedha na nia mbaya hakusubiri wazee wakae, alinunua. Aliyesubiri miaka ni binti wa mchunga mbuzi aliyetaka kusomea uuguzi. Kumnyima binti huyo kadi hakukumlinda mtu.

Ukiombwa kitu kidogo

Usitoe. Najua nauli imekwisha na mama amesema maliza jambo hili leo. Usitoe, kwa ajili yako mwenyewe: ukishalipa, haki yako inageuka bidhaa, na siku karatasi yako ikitiliwa shaka huwezi kusema uliipata kwa njia iliyonyooka. Uliza malipo rasmi ni kiasi gani na yanalipwa wapi. Ada za Serikali siku hizi hulipwa kwenye mtandao wa eCitizen, na ukilipa unabaki na namba ya malipo. Kinachotakiwa kupita mkononi, chini ya fomu, si ada. Ukisumbuliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na uambatanishe zile kumbukumbu nilizokuambia uandike.

Kama jina lako limo kwenye orodha ya wakimbizi

Sehemu hii ni ya watoto wa Garissa, Wajir na Mandera. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991. Ukame ulipokuja na mifugo kufa, familia za Wakenya waliokuwa jirani na kambi ziliona kwamba upande ule wa ua kuna unga, mafuta, shule na daktari, na upande wao hakuna. Wazazi wakajiandikisha kama wakimbizi wapate chakula. Mtoto akapakwa wino vidoleni akiwa hajui kusoma. Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, mashine ikavitambua vidole vyake, ikasema: mkimbizi. Si Mkenya kwa ofisi ya usajili, si Msomalia kwa Somalia, na maelfu ya vijana wameishi hivyo wakati wa ujana wao wote.

Ikiwa ni wewe, usijaribu kuomba tena katika kaunti nyingine kwa jina jingine. Vidole ni vile vile, na ombi la pili litaonekana ni udanganyifu. Fuata kufutwa jina kwenye daftari la wakimbizi: Idara ya Huduma za Wakimbizi, na UNHCR, kwa maandishi. Usiende peke yako. Shirika la Haki na Sheria la Garissa limeshughulikia kesi za namna hii kwa miaka. Na mama yako usimseme vibaya. Alikuwa na mtoto mwenye njaa na ua ulikuwa hapo.

Sheria iliyo upande wako

Beba Katiba ya 2010, au angalau kurasa mbili zake. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Mama anatosha. Ukiambiwa ulete karatasi za upande wa baba peke yake, mwonyeshe afisa neno hilo kwa kidole. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na ya hati yoyote ya usajili inayotolewa kwa raia. Haki; kwa hiyo huombi msaada.

Kifungu hicho cha 14 kina sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana hajafika miaka 8, wazazi wake hawajulikani na nchi yake haijulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Ni sheria ya huruma na naiheshimu. Basi nchi inayoweza kumpokea mtoto asiye na baba, mama wala babu anayejulikana haiwezi kunieleza kwa nini inamkataa mtoto mwenye babu ambaye kaburi lake lina jina na mwaka.

Ukikataliwa kwa mdomo, au ukiambiwa njoo kesho mpaka kesho zikaisha, andika barua. Sheria ya 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya utawala inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na ofisi ina miezi 3 kuzitoa tangu ipokee ombi lako. Isipozitoa, uamuzi wake huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu njema, mpaka ithibitishe vinginevyo. Barua yako iwe fupi: nani, lini, namba ya ombi, nataka sababu. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Karani akikataa kugonga mhuri, itume kwa posta ya rejista. Barua moja yenye mhuri imefungua milango ambayo miaka ya kubembeleza haikuifungua.

Nakala nyingine peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tafuta wasaidizi wa kisheria walio karibu: Nubian Rights Forum Kibera, MUHURI Mombasa, Haki na Sheria Garissa. Wengi wao ni vijana waliopitia foleni hizo hizo, na wanajua fomu ipi hurudi na ipi hupotea.

Wanubi ndio waliotufundisha kwamba mambo haya yana pa kupelekwa hata nyumbani pakikataa. Mababu zao walikuwa askari wa Mwingereza waliotoka Sudan, wakapewa makazi Kibera zaidi ya karne iliyopita, na wajukuu wakaendelea kuulizwa wametoka wapi. Walipeleka shauri kwa Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, nayo mwaka 2011 ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaamua kwa upande wa jamii nzima. Uamuzi si kadi. Lakini ukiutaja kwenye barua yako, anayeisoma anajua kwamba hukuja kubahatisha.

Mkiwa wengi, tembeeni

Hatua hii haimo kwenye fomu yoyote. Wamakonde waliishi Kwale vizazi vitatu na zaidi bila uraia. Hawakuweza kusajili laini ya simu kwa majina yao, kufungua akaunti benki, kununua shamba walilolilima, wala kuoa kwa cheti. Barua ziliandikwa, ahadi zikatolewa. Oktoba 2016 wakaamua kwenda wenyewe: wakaondoka Kwale kwa safari ya kuelekea Ikulu, Nairobi, wazee na kina mama pamoja, wakazuiwa njiani, wakaendelea. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Wakaitwa kabila la 43 la Kenya.

Washona walifuata, Rais alitangaza kutambuliwa kwao sikukuu ya Jamhuri ya 2020, na mwaka 2021 wakapokea vyeti. Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023.

Nawapongeza kwa moyo wote, na bado jambo hili linanikera. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikuwa tayari imefungua mlango kwa watu wasio na uraia waliokuwa Kenya tangu 12 Desemba 1963, na kwa watoto wao. Mlango uliwekewa miaka mitano, ukaongezewa mitatu. Wamakonde walikuwa ndani ya muda huo. Hakuna aliyewaendea, ilibidi watembee wao. Na walipofika walipewa kama kabila, kwa neno la Rais, jambo ambalo kila mmoja wao angepaswa kulipata kwa jina lake, dirishani, bila kuhitaji kuwa wa ngapi.

Hata hivyo, funzo la kazi ni hili: kama mtaani kwenu mko 40 mliorudishwa, msiende mmoja mmoja. Andikeni majina, miaka, tarehe mlizorudishwa, mpeleke orodha moja kwa mbunge, kwa mwakilishi wa wadi, kwa redio ya kaunti, siku moja.

Pasipoti

Ukishapata kitambulisho, pasipoti ni rahisi zaidi. Jaza kwenye eCitizen, lipa huko huko, chagua siku na ofisi, nenda na nakala zako. Epuka madalali wanaokaa nje na kukuita kaka. Wakati mwingine vitabu hupungua na mashine huharibika, watu wakasubiri miezi. Usikate tiketi ya Jeddah au Doha kabla ya kukishika kitabu mkononi.

Kama umepangiwa Nyayo House, Nairobi, ujue umesimama wapi. Chini ya jengo hilo kuna vyumba walimoteswa wapinzani wa Serikali ya Rais Moi katika miaka ya 1980, vikafunguliwa watu wavione mwaka 2003. Juu yake watu wanapanga foleni kupata ruhusa ya kusafiri. Naona kila anayefanya kazi kwenye ghorofa hizo angepaswa kushushwa huko siku yake ya kwanza kazini, aone ofisi ya umma inaweza kufika wapi ikishazoea kumwona raia kuwa mshukiwa.

Siku ya kuchukua kadi

Soma kila herufi kabla ya kuondoka dirishani. Jina la Kiislamu huandikwa kwa namna tatu na makarani watatu: Abdulrahman, Abdirahman, Abdurahman. Likitofautiana na cheti cha kuzaliwa hata kwa herufi moja, utaapa kiapo mbele ya wakili kila utakapotaka mkopo wa chuo. Tazama tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tumezaliwa Januari mosi kwenye karatasi tu. Kosa likionekana, lirudishe pale pale, huku karani akikutazama.

Kisha piga nakala, pitia kwa Tume ya Uchaguzi, IEBC, ujiandikishe kupiga kura, na urudi nyumbani na faili nzima. Mdogo wako ana miaka 16; mkabidhi, umweleze kila karatasi ni ya nani. Dada yako ana mimba. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni ndani ya miezi 6 kama sheria inavyotaka, jina la mama na la baba yakiwa sawasawa na kwenye vitambulisho vyao, na cheti mkichukue wiki hiyo hiyo kitakapokuwa tayari.